Unyoya wa Jogoo

Pepo za kusi zikishakolea, kuanzia Juni, bahari ya nje ya Msimbati haiingiliki kwa mtumbwi. Mawimbi huvunjika kwenye mwamba tangu alfajiri, na wenye vyombo vidogo huvivuta juu mchangani, kila mmoja akashika kazi ya mkono. Kuna wanaoshona nyavu, kuna wanaosuka madema. Mjomba wangu, ambaye sisi huku tunamwita njomba, alikuwa akitoa kopo la maziwa ya unga lililojaa manyoya ya jogoo, akakaa kwenye kibaraza chake hapa Madimba, Mtwara, akafunga ndoana.

Hilo ndilo jina aliloipa kazi yenyewe: kufunga ndoana. Mpita njia angedhani mzee anachambua takataka. Kumbe pale kibarazani alikuwa anazaliwa samaki mdogo wa uongo, kichwa chake risasi, mwili wake uzi, mkia wake unyoya. Akishushwa kwenye kina na kuchezeshwa juu na chini kwa mshipi, au akiburutwa nyuma ya ngalawa na mtu anayerambaza, kolekole humfuata kwa hasira na nguru humkata njiani bila hata kumwonja.

Njomba ametangulia mbele ya haki, na kopo lake ninalo mimi. Vijana huja kuniuliza waanze na nini, wakitarajia niwatajie vitu vingi. Mimi huwaambia wanunue ndoana kwa pesa yao yote, vingine waviokote. Wengi huondoka wakidhani nawaficha kitu, kwa hiyo leo nimeona nieleze.

Ndoana kwanza, na hapo mtu asibane mfuko. Kitakachomgusa samaki kweli ni ile ncha, na mapambo mengine yote yamewekwa ili kuifikisha ncha mdomoni mwake. Namba zake humchanganya kila anayeanza: kuanzia 1 kwenda juu, namba inavyozidi ndivyo ndoana inavyopungua, kwa hiyo namba 12 ni ya visamaki vya mwambani na namba 6 ni kubwa kuliko hiyo, halafu zinakuja zenye sifuri nyuma ya mkwaju, 1/0, 2/0, 3/0, na hizo hukua kadiri namba inavyopanda. Kwa kolekole na jodari wadogo wa huku kwetu, mwanafunzi achukue 2/0 au 3/0 yenye shina refu. Shina refu ndilo kiwanja chake. Ndoana fupi ni nzuri kwa chambo cha ngisi au dagaa, lakini kwenye kufunga haikupi mahali pa kuweka kosa, na anayeanza ana makosa mengi ya kuweka.

Njomba alikuwa na namna yake ya kuchagua. Huichukua ndoana, akaiburuta polepole juu ya ukucha wa dole gumba, bila kuikandamiza. Ikiteleza, bado. Ikikwama na kuacha mkwaruzo mweupe, ni kali. Kisha huiinua juani atazame tundu, kama waya umefunga kabisa au umeacha mwanya wa kukata mshipi. Mwisho huibana kwa koleo na kuivuta kidogo: chuma kizuri hujipinda kikarudi, kibaya hujipinda kikabaki vile vile, na kilichokaushwa mno motoni huvunjika papo hapo. Ndoana moja katika kila pakiti aliitoa kafara namna hiyo, na hakuwahi kuihesabu kuwa hasara.

Mimi hilo nililidharau. Mwaka wangu wa pili nilinunua mjini ndoana mia kwa bei ya ishirini, nikazifunga kwa wiki nzima, manyoya yamekaa sawa, uzi umelala kama umechorwa. Kaskazi ilipotulia tukatoka. Kolekole wa kwanza akashika, mzito, mshipi ukaniunguza vidole. Nikamvuta hadi nikaona ubavu wake wa fedha ukigeuka chini ya mtumbwi. Halafu mshipi ukalegea. Nilichopandisha kilikuwa kimenyooka kama msumari, na unyoya wangu mzuri umening'inia hapo, haukupungukiwa hata uzi mmoja. Njomba aliutazama, akanirudishia bila neno. Tangu siku ile sijanunua ndoana nisiyoijaribu.

Binadamu amehangaika na umbo hili kwa muda mrefu kuliko alivyolima. Katika pango la Sakitari, kisiwani Okinawa huko Japani, wachimbaji walipata ndoana zilizochongwa kwa gamba la konokono wa baharini, zenye umri wa miaka kama 23,000. Mustad wa Norwei, ambao ndoana zao zimefika karibu kila pwani ya dunia, walianza kuzitengeneza kwa mashine mwaka 1877. Kati ya lile gamba na ile mashine, kona ya ndoana imebaki ile ile. Nikiishika moja usiku chini ya taa, huona kwamba hakuna mahali pa kuiboresha isipokuwa kuinoa, na ndiyo maana tupa ndogo, ile nyembamba ya kunolea misumeno, ni ya pili katika kununuliwa.

Baada ya hapo mfuko unaweza kufungwa, ila ubaki wazi kidogo kwa ajili ya uzi na risasi.

Uzi wa cherehani wa pamba haufai. Unafungika vizuri, unapendeza, halafu unaoza kwa chumvi na siku moja mkia mzima unakung'okea mkononi kama nywele za mgonjwa. Uzi mnene wa nyavu nao haufai, maana mizunguko mitano tu tayari umejenga tezi. Nenda kwa fundi viatu. Ule uzi wake wa nailoni anaoshonea soli unaweza kuchambuliwa nyuzi mbili tatu, na kila moja ni imara kupita unavyoidhania. Uburute juu ya kipande cha nta ya nyuki, mara mbili. Nta huufanya ushike shina la ndoana usiteleze, na huutia harufu ambayo baada ya miaka utaikuta kwenye mashati yako.

Anayetazama picha za mafundi wa Ulaya na Marekani huona jiriwa ndogo za chuma zilizofungwa mezani, zinazogeuka kila upande, na roho inamshuka. Jiriwa ni kitu kizuri, siikatai. Lakini njomba alifunga miaka yote kwa koleo la kawaida. Aliibana ndoana kwenye meno ya koleo, akaizungushia mikono ya koleo ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, mizunguko mitatu ya kuvuta kwa nguvu, ikawa imefungwa yenyewe. Kisha akaiingiza mikono hiyo kwenye ufa wa gogo la mkorosho lililokuwa kiti chake. Ndoana ikasimama mbele yake kwenye usawa wa kifua, mikono yote miwili huru. Uzi aliupitisha ndani ya ganda la kalamu ya wino iliyokwisha, akalifunga risasi kidogo upande mmoja. Akiachia, kalamu inaning'inia na uzito wake unaushikilia uzi usifumuke, wakati yeye anachagua unyoya mwingine. Sindano alikuwa nayo moja, imechomekwa kwenye kipande cha gunzi la mahindi. Mkasi mdogo wenye ncha, na huo haukuruhusiwa kukata kitu kingine chochote nyumbani, hata kucha. Mkewe aliwahi kuukatia kitambaa cha kanga, na habari ile ilikaa nyumbani mwezi mzima.

Sasa kichwa. Hapa nazungumza kwa ukali kidogo, nisamehewe. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila shida, na kwa sababu hiyo kila kijana hutaka kuyeyusha siku ya kwanza. Asiyeyushe. Moshi wake hauwashi pua wala macho, kwa hiyo mtu hajui kama amevuta; sumu yake hukaa mwilini, na kwa watoto wadogo hugusa ubongo. Na tone moja la maji ndani ya kalibu linatosha kuirusha risasi iliyoyeyuka usoni. Njomba alikuwa na kalibu ya vipande viwili iliyochongwa na fundi wa vinyago kwenye pande la mpingo, kazi nzuri ambayo ukiifungua unaona vichwa vitatu vya samaki vimelala ndani kama mbegu. Aliitumia mara moja kwa mwaka, uwanjani, upepo mgongoni, watoto wamefukuzwa, kalibu imekaa juani siku tatu. Na bado alikuwa na kovu kwenye kiwiko.

Anayeanza aende kwa wauza nyavu akanunue risasi za nyavu, vile vipipa vidogo vyenye tundu. Akichagua chenye uzito unaomfaa, atakipasua upande kwa kisu, atakivika kwenye shina karibu na tundu la ndoana, na kukibana kwa koleo. Hakuna moto. Kwa nyundo nyepesi anaweza hata kukibonyeza ubavuni kikapata sura ya kichwa. Anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika ugali, basi. Kichwa chepesi kinamfaa zaidi kuliko kizito, kwa kuwa chepesi huanguka polepole, na samaki wengi hushika wakati kitu kinaanguka.

Nimefika kwenye manyoya, na hapa naomba msomaji avumilie, kwa sababu ndipo moyo wangu ulipo.

Jogoo mmoja ana maduka matatu mwilini. Shingoni kuna manyoya membamba, yenye ncha kali na uti mwembamba. Haya ndiyo yanayopumua. Ukiyaweka majini hufunguka unapolegeza mshipi na kujifunga unapovuta, na kufunguka na kujifunga huko ndiko kunakomshawishi samaki kwamba kitu hiki kina uhai. Mkiani kuna yale marefu yaliyopinda kama mundu, ambayo huyumba kama mkia wa dagaa lakini hayapumui. Mbawani kuna manyoya magumu, na hayo mwache jogoo aende nayo. Anayeanza achukue ya shingoni tu. Kwa hiyo kuku kishingo, ambaye shingo yake iko uchi, hana faida kwetu hata akiwa mweupe kiasi gani, na kidimu manyoya yake yamejikunja ovyo kila upande. Jogoo wa kienyeji wa kawaida, aliyekomaa, mwenye majivuno, huyo ndiye.

Wapi pa kuyapata? Palipo na shughuli. Msimu wa jando na unyago kuku wengi huchinjwa vijijini kwetu, na akina mama wanaonyonyoa kwa maji ya moto hawajali ukiomba shingo mbili kabla hazijatumbukizwa kwenye sufuria. Lazima iwe kabla, kwa sababu maji ya moto huua mng'ao. Nyumbani zioshe kwa sabuni ya unga na maji baridi, anika kivulini, kisha weka kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na karafuu chache ili wadudu wasiingie. Kopo la njomba lilinukia karafuu, nta na kuku. Mpaka leo nikilifungua namwona.

Ndugu zetu wa mbali walikwisha kuipita njia hii. Karibu na mwaka 200, Aelian, mwandishi wa Roma, alisimulia jinsi watu wa Makedonia walivyozungushia ndoana sufi nyekundu, wakaifunga na manyoya mawili yaotayo chini ya ndevu za jogoo, wakawadanganya samaki wa mtoni waliokuwa wakila nzi. Hakuna meli iliyoleta ujuzi huo Ruvuma, na sisi hatukuupeleka Makedonia. Palipo na jogoo na maji, mtu mwenye njaa na macho hufika hapo hapo.

Na chambo cha kiwandani nacho kilianza hivyo hivyo. Chambo cha plastiki cha dukani wavuvi wengi wa pwani wanakiita rapala, hata kama kimetengenezwa China. Lauri Rapala alikuwa mvuvi maskini wa Finland, nchi ambayo watu wake tumewazoea Mtwara tangu enzi za miradi ya visima na maendeleo ya vijiji. Mwaka 1936 alichonga samaki wake wa kwanza kwa kisu cha fundi viatu kutoka kwenye kipande cha koki, lile gome jepesi la vizibo, akamvika karatasi ya fedha iliyofungia chokoleti, akampaka filamu za picha zilizoyeyushwa ili maji yasimwingie. Takataka tupu! Nilipoijua habari hiyo nilifurahi kama niliyeambiwa habari za ndugu. Kwenye kopo la njomba kuna karatasi za fedha za biskuti, zimekatwa vipande vyembamba na kunyooshwa kwa ukucha.

Penye upungufu wa manyoya kuna salfeti. Kiroba kilichochakaa ukikichambua hutoa nyuzi nyeupe bapa zinazometa, na wengi wa rika langu walianza na nyuzi hizo pamoja na vipande vya mifuko ya rambo. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na sijaihuzunikia hata kidogo. Nimeshatumbua kasa mmoja aliyekufa ufukweni, na nilichokikuta tumboni mwake sitakisahau. Katani nayo inafaa ikisuguliwa mpaka ilainike. Ndevu za beberu ni bora kuliko zote hizo, ila beberu mwenyewe awe wa jirani mwema.

Kuhusu rangi, mwanafunzi achague mbili, nyeupe na nyeusi. Najua nyekundu inapendeza. Lakini maji humeza nyekundu kabla ya rangi nyingine. Ukishuka mita kumi hivi imekuwa kijivu, na aliyefurahishwa nayo ni mnunuzi peke yake. Nyeupe huonekana kwenye maji safi ya Ghuba ya Mnazi, hasa alfajiri. Mvua zikinyesha, Ruvuma hushusha udongo wa nchi mbili, sisi na Msumbiji, na maji ya mdomo wa mto yakawa kama chai ya maziwa. Hapo nyeupe hupotea, na nyeusi ndiyo inayosimama, kwa sababu samaki huitazama kutoka chini na huona kivuli chake dhidi ya mwanga wa juu.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya dakika kumi kwa aliyezoea, saa nzima kwa mgeni. Unaanza nyuma ya kichwa, unazungusha uzi kuelekea mkunjo wa ndoana, kila mzunguko umeegemea mwenzake. Unalaza manyoya mawili mgongo kwa mgongo ili yafunguke nje, unayabana kwa mizunguko mitatu iliyolegea, halafu wa nne unaukaza. Ukikaza wa kwanza, unyoya hugeuka upande, na samaki wako atazunguka majini kama pia na kuusokota mshipi wote. Njomba alikuwa akishika pumzi kwenye mzunguko ule wa nne. Sikujua kama anajua. Kisha unyoya mmoja wa tatu unauzungusha wenyewe kwenye shina kama mkufu, unafunga vitanzi vitatu, unakata, unapaka rangi ya kucha isiyo na rangi, tone moja kwa ncha ya sindano.

Halafu beseni. Hakuna ndoana iliyotoka kibarazani pale bila kupita kwenye beseni la maji. Njomba aliishika kwa kipande cha mshipi, akaizamisha, akaipandisha kwa kidole kimoja, akaiachia. Mwanzoni manyoya yote huwa makavu na magumu, kisha yanakubali maji, na ghafla kile kitu ulichokifunga kwa jasho kinaanza kupumua. Kama hakipumui, alikifumua. Sijawahi kumwona akikihurumia, hata changu.

Ninaipenda kazi hii pia kwa sababu nyingine. Nilipokuwa mdogo, miaka ya 1990, milio ya baruti za kuulia samaki ilisikika baharini mchana kweupe. Chupa moja ya baruti ilimaliza kila kitu mahali ilipoangukia, wakubwa na watoto, na mwamba wenyewe. Wazee walipambana nayo kabla hata ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma kutangazwa mwaka 2000. Njomba hakuwa msemaji wa mikutano. Alirudi na kolekole wanne, watano, kila mmoja na tundu dogo pembeni mwa mdomo, akawapanga kwenye jani la mgomba, na wanunuzi walijua samaki wake hawakupasuka bandama. Ndoana ya manyoya humchukua mmoja, na humchukua aliyekubali kudanganywa. Wengine wanabaki chini wakikua.

Juni hii mpwa wangu, mtoto wa dada, amefunga shule akaja. Nilimpa shilingi elfu kumi aende Mtwara mjini akachague ndoana zake mwenyewe, kisha nikakaa roho juu mchana kutwa. Jioni, taa za mtambo wa gesi zilipokwisha kuwaka upande wa pili wa barabara, akashuka kwenye bodaboda.

"Shikamoo, njomba."

"Marahaba. Umepata ngapi?"

Akafungua kiganja. Sita tu. Alikuwa na chenji ya maandazi na si zaidi. Nikataka kusema neno, nikajizuia, kwa sababu alikuwa ameshakaa kwenye gogo la mkorosho, ameichukua ya kwanza na kuiburuta polepole juu ya ukucha wa dole gumba. Ikakwama. Akaiweka kulia. Ya pili ikakwama. Ya tatu ikateleza. Akairudia, ikateleza tena.

"Hii bado," akasema, na bila kuniangalia akanyoosha mkono kuomba tupa.